Mihuri ya Milembe

Mdogo wangu Mayige ni mchonga mihuri. Ukishuka stendi ya Bariadi ukauliza mchonga mihuri, watakupeleka kwa vijana wenye kompyuta, maana siku hizi watu wakisikia mhuri wanafikiria mashine. Usiwafuate. Njoo nyuma ya soko, kwenye kibaraza chenye bati lililotoboka, utamkuta mama mnene anashona huku anagomba. Huyo ni mimi, Nyanjige. Pembeni yangu, kwenye meza ndogo yenye wembe na vipande vya kandambili, ndiye yeye. Usingoje akusalimie kwanza, utakesha.

Wapo wanaosema ana kiburi. Weee! Mayige na kiburi wapi na wapi. Mtu ameishiwa maneno tu. Miaka miwili sasa anasonga ugali wa mtu mmoja, anakula akiangalia ukuta, anaosha sahani moja, analala. Jumapili anawahi misa ya kwanza ili asikutane na watu wa misa ya pili. Na upweke wake huo naujua ulikotoka kuliko mtu yeyote, kwa sababu ulitoka kwangu. Nalisema mapema ili usije ukanipenda bure.

Tulizaliwa Sola, wilaya ya Maswa, nyumba ya udongo katikati ya pamba. Mama alifariki Mayige hajaota hata meno ya juu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Siwezi kusema nilimlea, mtoto halei mtoto, lakini nilimbeba. Nikichuma pamba yuko mgongoni, nikiteka maji yuko mgongoni, nikichapwa na baba kwa kuchelewa, fimbo zinatafuta pa kupita kwa sababu yuko mgongoni. Siku alipoanza kutembea nilijisikia mwepesi mpaka nikadhani naumwa. Ndiyo maana hata leo, ana miaka arobaini na sita na mvi kichwani, nikimwambia "kaa", anakaa.

Alipomaliza darasa la saba alienda Maswa mjini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yake ilikuwa kupiga alama kwenye marobota: unaweka bati lililokatwa herufi, unapitisha brashi yenye rangi nyeusi, unakwenda robota linalofuata. Aliyekuwa anakata yale mabati ni mzee mmoja anaitwa Selestini, na huyo mzee jioni alichonga mihuri kwa mpira wa kandambili. Akamwona Mayige ana mkono mtulivu, akamfundisha.

Mhuri, kama hujui, unachongwa kinyume. Cha kulia unakiweka kushoto, cha kushoto unakiweka kulia, halafu ukigandamiza kwenye karatasi kila kitu kinarudi mahali pake. Ukisahau, karatasi inakuumbua mbele ya mteja. Selestini alimchapa vidole kwa rula mwezi mzima. Baada ya huo mwezi Mayige hakukosea tena mhuri wa mteja. Miaka zaidi ya ishirini, toka alipohamia Bariadi, nimekaa naye kibaraza kimoja, sijaona mhuri hata mmoja ukirudishwa.

Simiyu ilipofanywa mkoa, ofisi zikaota Bariadi kama uyoga, na kila kikundi kikataka mhuri wake. Vikoba, kwaya, maduka ya dawa za mifugo, chama cha wafuga nyuki. Kwetu huku karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yake mizuri. Akaoa, akamwoa Nyamizi, binti wa wafugaji wa Lalago, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi naye tulipendana kwa kelele. Yeye akisema chumvi imezidi, mimi nasema mdomo wake ndio umezidi, tunacheka, tunakula. Walikaa miaka minne bila mtoto. Kisha akaja Milembe.

Alipofikisha miezi minane, vidole vya Milembe vilivimba kama maandazi. Alilia siku tatu. Hospitali wakapima, wakasema ni sikoseli, wakatueleza kwamba damu ya mtoto imepinda kama mundu na inakwama kwenye mishipa. Wapo ndugu waliosema ni babu wa upande wa mama anadai ng'ombe wake. Nyamizi akawaambia kama babu anataka ng'ombe aje achukue ng'ombe, aache vidole vya mtoto. Toka hapo ikawa wodi, nyumbani, wodi, nyumbani. Alijua majina ya manesi kabla hajajua majina ya binamu zake.

Sasa mwanaume wodini anafanya nini? Mama analala na mtoto, baba anasimama mlangoni kama aliyepotea. Mayige alikuwa na wembe wake mfukoni na kipande cha kandambili. Siku moja Milembe, ana miaka minne hivi, mkono wa kushoto umevimba, analia, na Mayige hajui la kufanya, akaanza kuuchonga ule mkono. Vidole vyote vitano, na uvimbe wake. Akaupaka wino, akaugandamiza nyuma ya karatasi ya kliniki. Mtoto akanyamaza aangalie. Akaweka mkono wake pembeni ya ule wa karatasi, akalinganisha kidole gumba na kidole gumba, akasema, "Baba, huu sio unaouma. Huu ni ule mzima."

Mayige alikuwa amechonga kama alivyouona, akasahau kugeuza. Fundi mzima! Milembe alicheka mpaka dripu ikacheza. Baba yake akachonga mwingine, safari hii kinyume, na ulipotoka sawasawa mtoto akaugandamiza mwenyewe mara tatu, nne, akaupuliza ukauke, akasema, "Haya. Umehamia kwenye karatasi." Akimaanisha maumivu.

Ikawa ndiyo desturi yao. Maumivu yakija, yeye anataja mahali. "Baba, leo ni goti." "Leo mgongo, hapa chini." "Leo kifua." Mayige anauliza kulia au kushoto, anachonga, mtoto anapiga mhuri. Alipiga kwenye daftari, kwenye shuka la hospitali akagombezwa, kwenye paji la uso la mama yake akiwa amesinzia. Na watoto wengine wodini wakaanza kudai, huyu tumbo, yule sikio. Mama zao wakawa wanambembeleza Mayige kama vile yeye ndiye daktari. Mihuri yenyewe aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilikuwa naliona lile kopo nachukia, nikamwambia, "Mayige, wewe unakusanya magonjwa." Akaniambia, "Dada, mimi nakusanya siku alizopona."

Milembe alipotimiza miaka sita alipata kiharusi. Watu hawaamini mtoto anaweza kupata kiharusi, lakini ugonjwa huo unafanya hivyo. Mkono ukarudi kidogo kidogo, mguu ukarudi, ila mdomo upande wa kushoto ulibaki umelegea. Nyamizi akimnywesha uji, unatoka upande ule, anaukinga na kidole, anaurudisha. Asubuhi na jioni, mwaka mzima, upande ule.

Milembe akamwambia baba yake, "Chonga mdomo."

Hiyo ndiyo mara moja Mayige aliyokataa. Alisema, "Mdomo utapona wenyewe, mama." Nilikuwepo, nilisikia. Nadhani aliogopa. Mkono ni mkono, goti ni goti, lakini mdomo ukiuchonga lazima uchonge uso wote, na uso wa mtoto wako mgonjwa unauchongaje na wembe? Milembe hakuomba tena.

Alifariki Julai, magari ya pamba yanapita, manyoya meupe yamejaa kando ya barabara. Alikuwa na miaka saba. Tulimzika Sola, pembeni ya mama yetu.

Sasa nifike kwangu.

Siku ya tatu ya matanga Nyamizi alikuwa amekaa kwenye mkeka na simu ya Mayige mkononi, ile ya kupangusa. Hali, hanywi, haongei. Anapangusa picha, moja, nyingine, anarudi mwanzo. Kulikuwa na video Milembe anaimba wimbo wa shuleni na mdomo wake ule, basi anaiwasha, ikiisha anaiwasha. Wale bibi zetu wa Sola wakakaa kikao jikoni. Wakasema huyu atajifunga tumbo, hatazaa tena, mtoto mdogo haliliwi hivyo, mwondoleeni kinachomliza. Nguo za marehemu zilikuwa zimeshagawiwa. Viatu vimeshaondoka. Ilibaki simu. Wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye wa kufanya mambo, si ndiye Nyanjige mwenye mdomo?

Simu ilipokwisha chaji niliichukua, nikasema naipeleka dukani kwenye umeme wa sola ikachajiwe. Ilipopata chaji kidogo nikakaa kwenye gunia la chumvi, nikafungua. Picha mia moja na kumi na nne. Najua idadi kwa sababu simu yenyewe iliitaja, ikaniuliza nina uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Mwenye duka akanionyesha na mahali zinapokaa zilizotupwa, nikazitoa na huko. Mungu wangu! Nilijiona natoa mwiba mguuni mwa mtu.

Siku ya nne Nyamizi aliwasha simu. Nilikuwa jikoni uani nasonga ugali wa wafiwa, mwiko mkononi. Nilisikia sauti sijawahi kuisikia kwa binadamu. Akatoka, amemnyooshea Mayige ile simu.

"Ziko wapi?" akasema. "Nani? Nani kafuta?"

Mayige akaniangalia. Mara moja tu. Ananijua tangu yuko mgongoni kwangu, haikumchukua muda. Kisha akamgeukia mke wake akasema, "Mimi."

Na mimi, Nyanjige, ninayegombana na wateja kwa kifungo kimoja, mimi ninayejulikana soko zima, nilirudi kusonga ugali.

Arobaini ilipopita, Nyamizi alienda kwao Lalago kupumzika. Hakurudi. Mayige alimfuata mara mbili. Mara ya kwanza mkwe wake alimpokea, akampa kiti, akampa maziwa, lakini mke hakutoka ndani. Mara ya pili hakupewa kiti. Simu aliipeleka kwa mafundi Bariadi, mpaka Mwanza, wote wakatikisa kichwa. Akaja akakaa mezani pake. Nikawa nangoja anigombeze. Nilikuwa tayari, nimeandaa mpaka majibu. Hakusema kitu siku hiyo, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Kuna kunyamaza kunakopiga kuliko fimbo. Kila asubuhi anafika, "Mwangaluka, dada." "Mwangaluka." Halafu basi, wembe unakwaruza mpira mpaka jioni.

Sasa nawe utaniuliza, kwa nini hukusema? Ungepanda gari ukaenda Lalago, ukasema. Nami nakwambia nilijisemea nitaenda baada ya mavuno, baada ya Pasaka, baada ya mvua. Uongo ukikaa unaota mizizi, unakuwa kama mti wa uani, watu wanaanika nguo juu yake. Kama Nyamizi angejua ukweli, labda angerudi na labda asingerudi, lakini asingemchukia mtu asiye na kosa. Hilo nililijua kila siku ya Mungu.

Mwaka huu mwezi wa nne simu yangu ililia. Nyamizi. Hajawahi kunipigia toka aondoke.

"Wifi," akasema, "nikuulize kitu, usinicheke. Nyusi za Milembe zilikuwa zimeungana, au hazikuungana?"

Nikasimamisha cherehani.

"Nikiamka namtafuta," akasema. "Naiona mikono. Magoti nayaona. Uso unakataa kuja, wifi. Naanza kumsahau mwanangu."

Nikamwambia ziliungana. Nikakata simu nikakaa na cherehani yangu, nikagundua kwamba hata mimi sikuwa na uhakika.

Nilimweleza Mayige, sio yote, hilo la nyusi tu. Akaweka wembe chini. Akafungua kopo la maziwa, akamimina mihuri yote mezani. Mikono, magoti, mgongo, kifua, nyayo, sikio. Mtoto mzima yupo pale vipande vipande, kila mahali palipomuuma. Uso hakuna. Akairudisha mmoja mmoja. Kisha akaondoka, akarudi jioni na ubao wa mninga kutoka kwa fundi seremala, mpana kama sinia.

Miezi mitatu hakupokea kazi ya mtu. Mpira alisema ni mdogo, uso unataka mti. Akanoa njiti za mwavuli, akanoa kipande cha msumeno wa chuma, akachonga. Ubao wa kwanza akauharibu, tukachemshia maharage. Wa pili vilevile. Wa tatu ndio ukakubali. Alikuwa anafumba macho, anajishika uso wake mwenyewe, anafumbua, anakata. Na alikuwa ananong'ona! Mtu aliyeishiwa maneno, namsikia pale anaongea chini chini, "Geuka kidogo, mama. Hivyo hivyo. Hapo hapo." Mimi siku moja nilishona suruali ya mtu miguu miwili upande mmoja, kwa kusikiliza.

Misa ya kumwombea Milembe ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Julai. Nyamizi akatuma neno kwamba atakuja misani, na atapita kibarazani. Nikamwambia Mayige, "Jaribisha kwanza. Piga karatasi moja uone kasoro." Akasema hapana. Akasema wa kwanza kupiga mhuri alikuwa Milembe siku zote, basi mara hii wa kwanza ni mama yake. Sikubishana. Laiti ningebishana, mara hiyo moja ningekuwa na haki.

Nyamizi alikuja na kitenge cheusi, amekonda, urefu umeongezeka. "Mwadila, wifi," akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu," nikamwitikia, yaani mama. Hakumsalimia mume wake. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mbele ya kioo changu kikubwa cha kujaribia nguo, akakipa mgongo.

Mayige alipaka wino ubao, taratibu, kwa kitambaa kilichoviringishwa. Akalaza karatasi juu. Akampa Nyamizi kijiko cha chakula, akamwonyesha namna ya kusugua nyuma ya karatasi, kwa duara, kuanzia katikati. Nyamizi akasugua. Alianza kama anayesugua sufuria ya mtu mwingine, baadaye mkono ukalainika. Mayige akasema, "Vuta sasa." Akavuta pembe, karatasi ikainuka.

Jamani. Alikuwa Milembe. Kichwa kwenye mto wa hospitali, mrija wa dripu unapita juu, kiganja cha mama yake chini ya shavu, nyusi zimeungana kwa nywele chache tu katikati, mdomo umelegea. Mimi nilianza kulia pale pale, sikungoja mtu.

Nyamizi hakulia. Aliangalia sana. Kisha akainua kidole, akakiweka kwenye pembe ya ule mdomo uliolegea, akakivuta kama anayekinga kitu. Kidole kikasimama.

"Sio yeye," akasema.

Mayige akasema, "Nini?"

"Uji ulikuwa hautokei upande huu. Mdomo wake ulilegea kushoto. Huyu amelegea kulia." Sauti yake ikaanza kupanda, ile ya kuitia ng'ombe. "Hata upande hukumbuki! Ulifuta kwenye simu, na kichwani nako ukafuta!"

Mayige alitazama karatasi, akatazama ubao, na nikamwona anaelewa. Miaka yote ile, mihuri maelfu, hajakosea herufi moja. Toka ule mkono wa kwanza, hata goti la mtoto hajalikosea. Na huu uso, kitu pekee alichokipenda kuliko vyote, ameuchonga moja kwa moja, kushoto kushoto, kulia kulia, na karatasi imemgeuza.

"Sikuwa nachonga mhuri," akasema, polepole. "Nilikuwa namwangalia."

Nyamizi alishasimama. Alikuwa anatafuta mkoba wake. Nami nikajua akivuka mfereji ule wa mbele ya kibaraza, ameondoka maisha.

"Nyamizi," nikasema. "Hakufuta yeye. Nilifuta mimi."

Akageuka.

"Nilifuta mimi, kule Sola, dukani nilipoipeleka chaji. Zote. Yeye alijua akanifichia. Ni mimi."

Nilitaka anipige. Kweli nilitaka. Alibaki amesimama, mkoba mkononi, akaniangalia mpaka nikaona aibu ya kuwa na uso.

"Miaka miwili, wifi," akasema. "Miaka miwili namlaani mtu kila nikikoroga uji. Na wewe ukapokea simu yangu." Halafu akamgeukia Mayige, sauti imeshuka kabisa. "Na wewe. Kwa nini ulinyamaza?"

Mayige akasema, "Alinibeba."

"Na mimi?" akasema Nyamizi. "Mimi nilimbeba nani?"

Akarudi akakaa kwenye kigoda.

Ndipo Mayige akauinua ule ubao. Akaufuta wino kwa shati lake, akaugeuza, akamwekea mke wake magotini. Nyamizi akaukataa kwa macho, lakini mkono ulikuwa umeshafika. Vidole vikapita kwenye paji la uso, kwenye nyusi, vikashuka shavuni, vikafika kwenye pembe ya mdomo. Kushoto. Kidole chake kikaingia pale kwenye mti mahali pake hasa, mahali kilipokuwa kinakaa asubuhi na jioni mwaka mzima.

"Huyu hapa," akasema. Akalia sasa, kwa sauti, akiwa amefumba macho, kidole hakitoki.

Alilia mpaka soko likaanza kufungwa. Kisha akajifuta, akauliza kama anaweza kuondoka nao. Mayige akasema ni wake. Ubao ule ukiondoka hawezi kupiga karatasi nyingine tena, na alijua. Mninga ni mzito, na Lalago ni safari. Nyamizi akauinamia, akautupia mgongoni, akaufunga kwa kitenge, mafundo mawili kifuani, kama mwanamke yeyote anavyobeba. Mayige akamwuliza, "Utarudi?" Akasema, "Sijui. Usinifuate, nikija nitakuja." Mimi hakuniaga. Tukamwangalia mpaka akapinda kona ya stendi.

Mayige alibaki na ile karatasi moja, Milembe aliyegeuzwa. Alitaka kuikunja aiweke kwenye kopo. Nikamwambia lete. Nikaigongea misumari kwenye nguzo inayotazamana na kioo changu, nikamwita, nikamwambia, "Usiangalie karatasi. Angalia kioo." Akaangalia. Kwenye kioo mdomo ulikuwa umerudi kushoto. Alisimama pale muda mrefu sana, na wateja wawili wakaja wakaondoka.

Sasa ni mwezi wa tisa. Nyamizi hajaja, wala hajasema haji. Mayige bado anasonga ugali wa mtu mmoja. Asubuhi akifika anasimama kwanza mbele ya kioo, halafu ndiyo ananisalimia mimi. Nikimwambia "kaa", siku hizi anachelewa kidogo kukaa, na mimi sirudii. Upande wangu cherehani inatazama kioo, kwa hiyo kila nikiinua kichwa kukata uzi, namwona Milembe ananiangalia.

Juzi mama mmoja alikuja kujaribu gauni la harusi. Akajitazama kioo, akashtuka, akaniambia, "Fundi, hako katoto kagonjwa kanatia mkosi, si ukaondoe hapo?" Nikamwambia hiyo haiondoki, na kama hataki, avue gauni akashone kwingine.